Kebo ya Rekoda: Kichwa Kikiingia, Kazi Haijaisha

Nenda duka lolote la elektroniki mjini Mombasa, uombe kebo ya kuunganishia rekoda. Muuzaji atakuuliza swali moja: huku kichwa gani, na kule kichwa gani? Ukishamjibu atapanda ngazi, atashusha boksi, atapuliza vumbi, na kebo utakuwa nayo mkononi kabla hujamaliza kuhesabu pesa. Itaingia huku na kule bila shida. Na yawezekana ikakuharibia harusi nzima usiku huo huo.

Muuzaji hana kosa. Aliuliza nusu ya swali, nawe ukamjibu nusu hiyo hiyo. Nusu ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu haionekani kwa macho: kitakachopita ndani ya waya ni nini, kina nguvu gani, na kule kinakoingia panakitarajia au la?

Chukua tundu la milimita 3.5, lile dogo la hedifoni. Kwenye rekoda za mkononi, tundu la sura hiyo laweza kuwa la maiki, na likawa lenyewe linatoa umeme kidogo, volti mbili na nusu hivi, wa kuendeshea zile maiki za kubana kifuani. Laweza kuwa la kupokea sauti ya mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Laweza kuwa la hedifoni. Kwenye simu, plagi yake ina pete moja zaidi, maana maiki na visikizi hupita mle mle. Na kwenye rekoda nyingi za MiniDisc, teknolojia ambayo Sony iliitoa mwaka 1992, tundu hilo la kuingizia lilikuwa pia na jicho ndani yake, likapokea sauti ya dijitali kwa mwanga. Yote hayo, sura moja.

Ndiyo maana anayerekodi mara kwa mara, awe wa maulidi, darsa, taarabu, mahubiri ya Jumapili au mahojiano ya redio, huzoea kuifuata sauti tangu inapotoka. Kichwa cha kebo huchaguliwa mwisho.

Nguvu kwanza

Maiki ya kushika mkononi hutoa umeme haba sana. Mtu akisema karibu nayo, ni milivolti chache tu. Vifaa vya nyumbani kama deki ya kaseti au mashine ya DVD, kwenye yale matundu mekundu na meupe ya RCA, hutoa takriban volti 0.3. Mikisa ya jukwaani, kwenye matundu yake makubwa ya XLR, imeundwa ikitarajia volti 1.23 hali ikiwa shwari, na ngoma zikikolea hupanda mara kadhaa juu ya hapo. Kwenye vijitabu vya vifaa utakuta viwango hivyo viwili vya mwisho, cha nyumbani na cha mikisa, vimeandikwa −10 dBV na +4 dBu. Tofauti yao ni karibu desibeli 12, yaani kwa hesabu ya volti mara nne hivi. Hapo bado hatujafika kwenye tundu la spika, ambako ni makumi ya volti na habari nyingine kabisa.

Rekoda iliyowekwa kwenye MIC, yaani inayotarajia maiki, halafu ikapewa sauti ya mikisa ni kikombe cha kahawa chungu kilichoelekezewa mpira wa zimamoto. Sauti itapasuka, hilo halina mjadala. Kinachowachanganya watu ni jinsi inavyopasuka. Mwenye rekoda anaona vijiti vya kiwango vimegonga juu, anapunguza, vijiti vinashuka vizuri mpaka katikati, anatulia. Akirudi nyumbani akasikiliza, kila neno linakwaruza. Kile kitufe alichokishusha kinakuja baada ya pale palipozidiwa: mlango wa kwanza wa rekoda ulishapasua sauti, kisha kitufe kikaipunguza sauti iliyokwisha pasuka. Kwa hivyo ukiona vijiti viko chini na masikio yanakuambia sauti imechanika, usihangaike na kitufe. Tatizo liko kabla yake, na dawa ni moja kati ya mbili: kuhamia LINE, yaani mlango unaotarajia sauti yenye nguvu kama ya mikisa au deki, au kupunguza nguvu kabla sauti haijafika kwenye rekoda.

Rekoda nyingi zina swichi au menyu ya LINE. Nyingine zina matundu mawili kwa moja, XLR kwa nje na tundu la jeki kubwa katikati yake, na hapo mara nyingi ile XLR ni ya maiki tu, la katikati ndilo la LINE. Mtu hulazimika kukisoma kijitabu. Najua hatupendi, lakini ukurasa wenye jedwali la matundu ndio pekee wenye maana, mengine yaache.

Ikiwa rekoda yako au kamera yako haina LINE kabisa, kuna kebo za kupunguza, na fundi wa redio anaweza kukutengenezea moja kwa rezista mbili kwa kila upande wa stirio. Mwambie aweke rezista ya ohmu 10,000 ikae njiani kwenye waya wa sauti, kisha ya ohmu 100 kutoka baada ya hapo kwenda ardhi. Hiyo inashusha karibu desibeli 40, kutoka nguvu za mikisa hadi za maiki. Ukitaka kushusha 20 tu, ile ya 100 ibadilishwe iwe ya 1,000. Rezista ni ndogo, zaingia ndani ya kichwa cha jeki kubwa bila taabu. Uzime pia ule umeme wa maiki kwenye menyu ya rekoda.

Sasa, kwa hapa kwetu, mahali pa hatari zaidi si jukwaani. Ni msikitini. Ramadhani ikiingia, kila alasiri kuna darsa ya tafsiri, na kuna kijana na rekoda yake anayetaka kuchukua sauti safi moja kwa moja kutoka kwenye amplifaya badala ya kuiweka rekoda juu ya meza na kurekodi feni. Wazo zuri. Anafungua kabati, anageuza amplifaya, anakuta nyuma yake safu ya skrubu zimeandikwa COM, 4Ω, 8Ω, 70V, 100V. Waya zinatoka hapo kwenda juu ya mnara.

“Mwanangu, hapo usitie kitu,” mzee wa msikiti atamwambia akiwahi. “Hizo ndizo za mnarani.”

Na ni kweli. Amplifaya za aina hiyo huzipandisha volti ili sauti isafiri waya mrefu hadi kwenye spika za tarumbeta bila kupotea njiani, na namba 100V si urembo: sauti ikiwa juu kabisa, ndizo volti zinazopita hapo. Rekoda iliyoundwa kwa volti moja au mbili haitasema hata kwaheri. Kinachotafutwa nyuma ya amplifaya hiyo hiyo ni jozi ya matundu ya RCA yaliyoandikwa REC, LINE OUT au AUX OUT. Yakiwapo, kebo ya RCA kwenda jeki ndogo ya stirio inatosha, rekoda ikae LINE, basi. Yasipokuwapo, ni afadhali maiki ndogo ya kifuani kwa shekhe, yenye rekoda yake, kuliko ujanja wowote wa kwenye skrubu zile.

Nyaya tatu na mwimbaji aliyepotea

Kebo ya kawaida ya sauti ina waya mmoja katikati na wavu unaouzunguka. Wavu una kazi mbili: kukinga makelele, na kuwa njia ya umeme kurudi. Kebo ya balansi ina nyaya mbili ndani ya wavu. Sauti hupelekwa kwenye nyaya zote mbili, ila kwenye mmoja imegeuzwa, huu ukipanda ule unashuka. Kifaa kinachopokea huchukua tofauti kati ya hizo mbili. Makelele yaliyodandia njiani, ya taa, ya jenereta, ya simu ya mtu, yamezidandia nyaya zote mbili sawasawa, kwa hivyo kwenye kutoa yanakufa. Ndiyo siri ya kebo za jukwaani kutambaa mita 50 kutoka kwa waimbaji hadi kwa fundi bila kuleta mvumo, wakati ile ya RCA ikizidi mita chache huanza kuokota kila kitu.

Kwenye XLR, mguu 1 ni wavu, 2 ni sauti, 3 ni sauti iliyogeuzwa. Namba zimechapwa pembeni mwa kila tundu kwa maandishi madogo mno, washa tochi ya simu utaziona. Jeki kubwa ya milimita 6.35 nayo, ambayo sura yake imerithiwa kutoka mitambo ya simu ya karne ya 19 iliyokuwa ikichomekwa kwa mkono, yaweza kuwa na mstari mmoja mweusi au miwili. Yenye mmoja hubeba nyaya mbili. Yenye miwili hubeba tatu, na hapa ndipo mtego ulipo: nyaya tatu zaweza kuwa kushoto, kulia na ardhi, ambayo ni stirio, au sauti, sauti iliyogeuzwa na ardhi, ambayo ni balansi ya upande mmoja tu. Plagi ni ile ile. Waya ni ule ule. Kinachoamua ni vifaa vilivyoko pande mbili za kebo, na plagi yenyewe haikuambii.

Madukani kuna kebo yenye XLR upande mmoja na jeki ndogo ya 3.5 upande wa pili, na inanunuliwa sana kwa sababu ndiyo hasa inayoonekana kuunganisha mikisa na rekoda ndogo. Nyingi kati yake zimefungwa hivi: mguu 2 kwenye ncha ya jeki, mguu 3 kwenye pete, mguu 1 kwenye shina. Ichomeke kwenye mikisa siku ya taarabu. Rekoda inaamini imepewa stirio, kwa hivyo inaandika sauti sikio la kushoto, na sauti ile ile iliyogeuzwa sikio la kulia. Ukisikiliza kwa hedifoni, udi upo, kanuni ipo, fidla zipo, mwimbaji yupo, lakini hakuna aliye mbele yako. Sauti imetanuka, haina kitovu, kama ina kizunguzungu. Wengi huipenda, wakadhani ni stirio nzuri.

Kesho yake unawatumia jamaa kwenye simu. Simu yenye spika moja hujumlisha kushoto na kulia, na moja ukiijumlisha na hasi moja jibu ni sifuri. Kundi zima linafutika. Hubaki mabaki membamba yasiyo na besi, na ujumbe kutoka kwa mama wa bibi harusi: “Mbona hakusikiki kitu?” Unafungua kwa hedifoni, kunasikika. Unamwambia simu yake mbovu. Si mbovu.

Kazi iliyokwisha rekodiwa hivyo inaokoka, tena kirahisi. Ifungue kwenye programu kama Audacity ambayo ni ya bure, tenganisha kushoto na kulia, futa mmoja, uliobaki ufanye mono, yaani sauti moja kwa masikio yote mawili. Hukupoteza kitu, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa sauti moja iliyoandikwa mara mbili. Kama ukikuta kushoto kuna sauti na kulia kimya kabisa, hiyo ni ndugu yake: mikisa nyingi za bei nafuu, waya wa tatu umefungwa kwa ajili ya kuua makelele tu, haubebi sauti. Dawa ni ile ile.

Kebo sahihi ya safari hiyo, mguu 2 unakwenda kwenye ncha na pete kwa pamoja, mguu 1 kwenye shina, na mguu 3, kwa mikisa za siku hizi, mara nyingi huachwa wazi. Kifaa ambacho matokeo yake yana transfoma ndicho kinachotaka mguu 3 uunganishwe na wa 1, la sivyo sauti haitoki sawasawa. Ukiwa na mita ya fundi ya bei yoyote, kujua kebo yako imefungwaje ni kazi ya dakika moja: iweke mita kwenye mlio, ilie waya ukiwa umeungana, gusa mguu, gusa ncha, gusa pete, andika kwenye karatasi ya gundi, bandika kwenye kebo. Mimi kebo isiyobandikwa karatasi siiamini hata ikiwa mpya.

Mambo mawili ya haraka kabla ya kuondoka hapa. Kugawa sauti moja kwenda rekoda mbili kwa kebo ya Y hakuna ubaya. Kuunganisha sauti mbili zinazotoka, kushoto na kulia kwa mfano, ziingie tundu moja kwa kebo hiyo hiyo ni kosa, kwani kila tundu linalotoa litakuwa linapambana na mwenzake; hapo panataka rezista au mikisa ndogo. La pili ni umeme wa volti 48. Rekoda zenye XLR huweza kuutoa kwa ajili ya maiki za kondensa, na watu huuacha umewashwa tangu kazi ya mwisho. Mikisa nzuri huvumilia kupigwa volti 48 kinyumenyume. Kompyuta au simu iliyounganishwa kwa adapta ya vichwa vitatu vilivyopandana huenda isivumilie.

Ule mvumo

Umeme wetu ni volti 240, Hz 50, na masafa hayo pamoja na ndugu zake wa 100 na 150 ndiyo unayoyasikia chini ya rekodi nyingi, mvumo mzito usiokoma. Chanzo chake cha kawaida si kebo mbovu. Mikisa imechomekwa soketi ya jukwaani, na kompyuta au rekoda yako imechomekwa soketi ya upande wa pili wa ukumbi. Kila moja ina waya wake wa ardhi. Ukiziunganisha kwa kebo, wavu wa kebo unakamilisha duara, na umeme mdogo unaanza kuzunguka humo. Kwenye kebo isiyo ya balansi, wavu huo ndio njia ya sauti kurudi, basi mvumo unaingia moja kwa moja kwenye sauti.

Kata duara. Njia rahisi kuliko zote ni kuiendesha rekoda kwa betri au pawabenki. Mvumo ukikatika ukichomoa chaja, umeshapata jibu. Hata ule mluzi mwembamba wa chaja za simu za rahisi, ambao si wa ardhi bali ni wa chaja yenyewe, nao huondoka hapo hapo. Ikiwa lazima utumie umeme wa ukutani, chomeka vyote kwenye soketi moja, au nunua kisanduku cha transfoma ya kutenganisha, ambacho sauti hupita ndani yake kwa sumaku bila waya kugusana na waya.

Kuna mafundi wanaovunja ule mguu mrefu wa plagi, au wanaoufungua ndani na kuuacha waya wa ardhi ukining’inia. Mvumo huisha, kweli. Lakini mguu ule ndio unaozuia bodi ya amplifaya na maiki mdomoni mwa mtu visiwe na volti 240 siku transfoma itakapoharibika, na harusi za pwani, za kwenye nyasi za Nyali na Bamburi zilizomwagiwa maji tangu alasiri, si mahali pa kujaribu hayo. Fundi akikupendekezea, mkatalie.

Taa za jukwaani zenye kupunguzwa mwanga zina makelele yao, makavu zaidi, yanayobadilika taa zikibadilika. Kwa hayo, ondoa kebo ya sauti karibu na ya umeme. Zikilazimika kukutana, zikatane kama njiapanda, zisilale pamoja ubavu kwa ubavu.

Ya dijitali

Hapa mambo ni mepesi kuliko watu wanavyofikiri, na wauzaji wanajua tunaogopa, ndiyo maana bei ni hizo. Sauti ya dijitali ni namba. Kebo ama inazifikisha ama haizifikishi. Kebo ya analogi, kama zile tulizozitaja mpaka hapa, ikichoka, sauti hufifia, huvuma, hukwaruza, kuna ngazi nyingi za ubaya. Ya dijitali ikichoka utasikia mikatiko au kimya. Haitoi sauti “yenye joto” wala “yenye kina,” na kichwa cha kebo ya mwanga kilichopakwa dhahabu ni pambo, kwani mwanga haupiti kwenye dhahabu hiyo.

Mfumo wa S/PDIF, ulioundwa na Sony na Philips, hupita kwenye kebo ya RCA moja au kwenye mwanga. Ile ya RCA inataka kebo ya ohmu 75. Usihangaike kutafuta iliyoandikwa dijitali: kebo ya video, ile ya njano iliyokuja na DVD, ni ya ohmu 75 na inafanya kazi. Nyekundu au nyeupe ya sauti huenda ikafaa kwa mita moja, lakini haina ahadi. Vifaa vya studio hutumia AES3, iliyochapishwa mwaka 1985, kwa kichwa cha XLR na kebo ya ohmu 110. Kebo fupi ya maiki itapitisha, ndefu itaanza kukatika. Ya mwanga, Toslink, ilitoka Toshiba mwaka 1983. Ina faida kubwa moja: hakuna chuma kinachounganisha vifaa, kwa hivyo mvumo wa ardhi hauna pa kupita. Usiikunje kwa pembe kali, usiivute zaidi ya mita tano hivi, na utoe kile kikofia cha plastiki kwenye ncha.

Kinachowashinda watu kwenye dijitali mara nyingi si waya, ni saa. Kifaa kinachotuma kinahesabu sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na rekoda lazima imfuate huyo, isihesabu kwa saa yake. Kwenye menyu weka chanzo cha saa kiwe cha nje, na idadi za sampuli zilingane pande zote mbili. Ukisikia tiki moja kila baada ya muda, isiyofuata muziki wala sauti, ni hilo.

USB haina mengi. Kebo nyingi za kuchajia hazina nyaya za data kabisa; rekoda itawaka na kompyuta haitaiona. USB 2.0 haitaki kebo ipite mita 5. Na kunakili faili kutoka kadi ya rekoda si kurekodi, ni kuhamisha namba. Kebo yoyote yenye data itafanya, haibadilishi sauti hata chembe.

Kwa wenye kaseti

Mji wa Kale bado kuna makasha ya kaseti za Juma Bhalo, Zein l’Abdin, Zuhura Swaleh, na zaidi ya hizo, rekodi za harusi za nyumbani ambazo hazipo popote pengine duniani. Kuzihamishia kwenye rekoda ya dijitali ni kazi nyepesi kwa upande wa kebo: deki ina RCA, rekoda iko LINE, kebo ya mita moja au mbili inatosha, tena fupi ni bora. Tumia deki yenye matundu hayo, si redio ya kubeba kupitia hedifoni, ijapokuwa hedifoni nayo itafanya kazi ukiwa huna jingine, sauti ukiipandisha nusu. Acha nafasi: kilele cha sauti kikae karibu na desibeli −12 kwenye vijiti vya rekoda, kwani mwimbaji wa harusini huanza taratibu na kumaliza kwa kupaza. Safisha kichwa cha deki kwa spiriti kwanza. Uchafu wa kichwa utakula sauti nyembamba za fidla kuliko kebo yoyote mbaya.

Chumvi

Ubora wa kebo kwa mtu wa Nairobi na kwa mtu wa Mombasa si jambo moja. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kichwa cha kebo kilichowekwa kwenye droo tangu mwaka jana hutoka na utando wa kijani au madoa meusi. Hapo ndipo dhahabu ina maana. Haibadilishi sauti dukani. Ila haishiki kutu, kwa hivyo mwaka wa tatu bado inagusa. Nikeli iliyo safi ni nzuri vile vile, mradi uisafishe kwa dawa ya kupulizia ya kontakti na uichomeke na kuichomoa mara kwa mara. Vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu usivitupe, vitie kwenye mfuko wa kebo.

Waya wenyewe uwe shaba. Siku hizi nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nyepesi mkononi, inayokataa risasi ya fundi na kukatika ikikunjwa. Menya ncha, kwangua unyuzi mmoja kwa kisu: ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, iache. Usiichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani, na kwa pwani hiyo ni bora hata kuliko shaba tupu. Wavu uliosukwa unavumilia kukunjwakunjwa. Wa karatasi ya fedha ni wa kuta na dari, kwenye kebo ya kubeba utapasuka. Pendelea kichwa kinachofunguka kwa skrubu au kwa kuzungusha. Kile kilichoyeyushwa plastiki juu yake kikikatika ndani ni cha kutupa, cha kufunguka fundi atakirudisha.

Kabla ya wageni kufika, rekodi dakika mbili, usikilize kwa hedifoni huku ukiitikisa kebo karibu na kichwa, halafu usikilize tena kwa spika ya simu. Kwa mtu wa kazi za aina yetu, za msikiti na ukumbi, ningebeba kebo za aina tatu na kuacha nyingine nyumbani: ya RCA kwenda jeki ndogo, mita mbili au tatu, kwa amplifaya na deki, jozi ya XLR za balansi zilizo ndefu, kwa rekoda yenye matundu hayo, na ile ya kupunguza desibeli 40, iliyozungushiwa utepe mwekundu, asije mwenzako akaichomeka kwenye maiki na kushinda akigeuza vitufe.